Fakta 8 ya mwanangu imesoma asilimia 11. Je, jibu hilo ni la kuaminiwa?

Swali: "Daktari, habari za kazi. Nina mtoto wa kiume wa miaka 6, ana kilo 20. Alipotahiriwa damu ilikatika vizuri, lakini usiku ikaanza tena na kuendelea kwa siku tatu. Hospitali ya wilaya walipima BT (muda wa damu kukatika) na CT (muda wa damu kuganda) wakasema ni kawaida, chembe sahani 310, vipimo vya kuganda PT kawaida, APTT sekunde 94 wakati kawaida yao ni 26 hadi 38. Wakamwekea plazima (maji ya damu ya kuchangiwa) mililita 300, ikaisha saa nne usiku, tukapewa rufaa. Kesho yake saa nne asubuhi wakamtoa damu ya kupima fakta (protini za kugandisha damu). Jibu: fakta 8 asilimia 11, fakta 9 asilimia 72. Tumeambiwa ni hemofilia A ya kiwango hafifu, tusiwe na wasiwasi. Lakini tangu akiwa na miaka miwili goti lake la kulia linavimba hata bila kuanguka. Tulipima selimundu, hana. Kaka yangu alifariki akiwa kijana baada ya kung'olewa jino. Binti yangu wa miaka 14 hedhi yake huenda siku tisa. Ndugu wanasema damu ya mtoto ni nyepesi, nimpe choya na vidonge vya kuongeza damu. Je, apimwe upya? Na binti apimwe nini?"

Jibu: Mama, pole sana kwa siku hizo tatu, na hongera kwa kutunza karatasi zote pamoja na saa za matukio. Saa hizo ndizo zinazonipa nafasi ya kukujibu bila kubahatisha. Ndiyo, apimwe upya. Kwamba ana tatizo la kuganda kwa damu, sina shaka nalo. Ninaloona halijathibitishwa ni lile neno "hafifu", na ndilo lenye uzito mkubwa kuliko yote uliyoandikiwa, kwa sababu ndilo litakaloamua kama atapewa kinga ya kudumu au ataachwa mpaka atoke damu tena.

Tufanye hesabu. Mililita moja ya plazima nzuri huwa na karibu yuniti moja ya fakta 8, na mara nyingi hupungua kidogo kutokana na kugandishwa na kuyeyushwa. Tuseme 0.8. Mililita 300 zinampa yuniti 240, yaani yuniti 12 kwa kila kilo yake. Kila yuniti moja kwa kilo hupandisha fakta 8 kwa takriban asilimia 2, kwa hiyo plazima ilipoisha alikuwa amepanda kwa asilimia 24 hivi. Fakta 8 hupungua kwa nusu kila baada ya saa 12 au chini ya hapo, na kwa watoto hupungua haraka zaidi. Kuanzia saa nne usiku hadi saa nne asubuhi ni saa 12. Nusu ya 24 ni 12, na maabara imesoma 11.

Kwa maneno mengine, karibu fakta yote iliyopimwa asubuhi ile inaweza kuwa ya mtu aliyejitolea damu. Ya mwanao mwenyewe inaweza kuwa chini ya asilimia 1. Maabara haikukosea, ilipima kilichokuwemo ndani ya tyubu. Kilichokosekana ni mtu wa kuwaambia kwamba mtoto alikuwa ametoka kuwekewa plazima.

Yapo mambo mengine mawili yanayonielekeza huko huko. APTT ya sekunde 94, iliyochukuliwa kabla ya plazima, ni ndefu mno kwa mtu mwenye asilimia 11. Kwa kemikali nyingi za maabara kiwango hicho hurefusha muda, lakini si kufikia karibu mara tatu ya kawaida. Halafu kuna goti. Kwa utaratibu unaotumika duniani, chini ya asilimia 1 ni hemofilia kali, 1 hadi 5 ni ya wastani, zaidi ya 5 na chini ya 40 ni hafifu. Mwenye kiwango hafifu kwa kawaida hutoka damu akiumia, akifanyiwa upasuaji au aking'olewa jino. Goti linalovimba lenyewe tangu umri wa miaka miwili, tena lile lile kila mara, ni tabia ya hemofilia kali au ya wastani. Kwetu huku goti la namna hiyo hupimwa selimundu kwanza, na ni sawa kabisa kwa kuwa selimundu ni ya kawaida zaidi. Tatizo ni kwamba jibu likirudi "hana", watu wengi huishia hapo.

Sasa hiyo damu nyepesi. Damu ya mwenye hemofilia si nyepesi, haitoki kwa kasi kuliko ya mwingine, na wala tatizo lake si upungufu wa madini yanayopatikana kwenye choya. Mshipa ukikatwa, kwanza chembe sahani hukimbilia tundu na kujirundika hapo kama mawe yaliyopangwa bila saruji. Damu husimama kwa muda. Saruji yake ni nyuzi za fibrini, na ili nyuzi hizo zitengenezwe lazima protini kadhaa zinazoitwa fakta ziamshane moja baada ya nyingine. Fakta 8 ikikosekana, mawe yanapangika lakini saruji haiji, na baada ya saa chache tundu linafunguka tena. Ndiyo maana tohara ilionekana imekwenda salama mchana, na damu ikaanza usiku. Choya, mlenda na vidonge vya madini ya chuma vinaweza kumsaidia kurudisha wekundu wa damu aliyopoteza. Fakta haviwezi kuitengeneza. Vitamini K nayo hutumika na ini kutengeneza fakta 2, 7, 9 na 10. Fakta 8 haimo, hivyo sindano ya vitamini K haitamfaa, na akichomwa kwenye msuli itamletea uvimbe wa damu.

Hapo pia utaona kwa nini BT na CT zilikuwa "kawaida". BT huchunguza hatua ya chembe sahani, ambayo kwa mwanao ni nzima. CT ya kuweka damu kwenye kioo na kusubiri igande ni kipimo butu, kinachoweza kumpitisha mtu mwenye fakta ndogo sana kana kwamba ni mzima. Ningependa kuona hospitali zikiacha kuvitumia kama kibali cha kumfanyia mtoto tohara au upasuaji. Maswali matatu yanashinda BT na CT kwa mbali: amewahi kutoka damu isiyo ya kawaida, kuna mjomba au ndugu wa upande wa mama aliyewahi kufa kwa kutoka damu, na kuna mwanamke katika ukoo aliyetoka damu nyingi wakati wa hedhi au kujifungua? Nyumbani kwenu jibu la maswali hayo lingekuwa ndiyo. Kukosa historia nako hakumwondolei mtu hatari, maana karibu theluthi moja ya wagonjwa wa hemofilia hutokea katika familia isiyowahi kuwa nayo.

PT na APTT ni vipimo vya sekunde. Maabara huchukua plazima, huipasha joto hadi nyuzi 37, huongeza kichocheo na kalsiamu, kisha hupima muda hadi igande. PT hupitia njia inayoanza na fakta 7. APTT hupitia njia yenye fakta 12, 11, 9 na 8. Zote mbili hukutana mwishoni kwenye fakta 10, 5, 2 na fibrinojeni. PT ikiwa ya kawaida na APTT ikawa ndefu kwa mtoto wa kiume anayetoka damu, wa kwanza kushukiwa ni fakta 8 na wa pili ni fakta 9. Hemofilia A, ya fakta 8, hutokea takriban mara nne zaidi ya B. Lakini APTT ya kawaida haimsafishi mtu. Mwenye fakta 8 ya asilimia 30 na kitu anaweza kupata APTT isiyo na dosari, na mwenye upungufu wa fakta 13 atapata PT na APTT safi kabisa huku akiendelea kutoka damu. Shika hilo, tutalihitaji kwa binti yako.

Tuje kwenye kupima upya. Subiri angalau siku tatu baada ya plazima, damu nzima au fakta yoyote. Ikiwezekana subiri wiki moja au mbili, kidonda kiwe kimepona na mtoto hana homa. Sababu ya kusubiri zaidi ni kwamba fakta 8 hupanda mwili ukiwa kwenye maumivu, maambukizi au hofu. Hata kulia na kupigana na mtoa damu kunaweza kuipandisha kwa muda, kwa hiyo mtoto atulizwe kwanza. Kusubiri huku ni kwa ajili ya kipimo tu. Akianza kutoka damu leo, matibabu hayasubiri: mtoa huduma atoe damu ya kipimo kabla ya kumwekea chochote, kisha ampe dawa hapo hapo.

Damu huwekwa kwenye tyubu yenye kifuniko cha buluu hafifu, ambayo ndani ina sitreti ya asilimia 3.2. Sitreti huifunga kalsiamu ili damu isigande njiani, na uwiano lazima uwe damu sehemu tisa kwa sitreti sehemu moja. Tyubu ya mtoto hupokea mililita 1.8 za damu juu ya mililita 0.2 za sitreti. Mtu akitia nusu tu kwa kumhurumia mtoto, sitreti inazidi, inafunga hata ile kalsiamu ambayo maabara huongeza wakati wa kupima, na APTT inakuwa ndefu kwa uongo. Kwa hiyo damu ifike kwenye alama. Ikitumika ile sindano ndogo yenye mrija, hewa iliyo ndani ya mrija hula nafasi ya damu kwenye tyubu ya kwanza. Ndiyo maana mtoa damu mzuri hutoa tyubu ya kwanza ya kutupa, halafu ndiyo ya kipimo. Mpira wa kufunga mkono usikae zaidi ya dakika moja. Tyubu ya buluu itangulie ile ya zambarau, maana dawa iliyomo kwenye ya zambarau nayo hufunga kalsiamu. Igeuzwe taratibu mara tatu hadi sita, isitikiswe. Damu isitolewe kwenye mrija wa dripu uliosafishwa kwa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Na donge likionekana ndani, hata dogo kama punje ya mtama, sampuli hiyo inatupwa, kwa sababu fakta zimeshatumika.

Kuna kosa moja linalofanywa kwa nia njema kabisa: kuweka damu hiyo kwenye barafu au friji ili isiharibike. Damu nzima ya kipimo hiki ikae kwenye joto la kawaida la chumba. Baridi huamsha fakta 7, na hushusha fakta 8 pamoja na protini inayoibeba, hivyo mtu mzima wa afya anaweza kupewa jibu la mgonjwa. Muda wa kuipima APTT na fakta 8 ni saa nne tangu kutolewa. Maabara ikiwa mbali zaidi ya hapo, damu izungushwe kwenye sentrifuji mara mbili, plazima isiyo na chembe sahani itenganishwe, igandishwe kabisa na isafirishwe ikiwa bado imeganda. Kule inakokwenda iyeyushwe haraka kwenye maji ya nyuzi 37 kwa dakika chache. Ikiachwa iyeyuke yenyewe mezani, fakta 8 hujitenga na kutuama chini. Mnyororo huu hukatika kwa urahisi sana njiani. Ndiyo maana ushauri wangu kwa mzazi wa mkoani ni mmoja: asafiri mtoto, damu itolewe pale pale itakapopimwa. Muhimbili jijini Dar es Salaam kuna kliniki ya hemofilia, na kwa wasomaji wa Kenya kuna Hospitali ya Kenyatta Nairobi na Hospitali ya Moi Eldoret. Kwenye hospitali za kanda, piga simu kwanza uulize kama kipimo cha fakta kinafanyika wiki hiyo, maana kemikali zake huisha.

Akishafika, omba vipimo hivi kwa majina yake: APTT, kipimo cha mchanganyiko, fakta 8, fakta 9, na protini ya fon Willebrand.

Kipimo cha mchanganyiko ni rahisi na kinaeleza mengi. Plazima ya mtoto huchanganywa nusu kwa nusu na ya mtu mzima wa afya. APTT ikirudi kawaida, kulikuwa na upungufu na plazima ile imeuziba. Isiporudi, kuna kitu kinachozuia. Kizuizi cha fakta 8 kina hila yake: kinaweza kujificha mwanzoni, kikaonekana baada ya mchanganyiko kukaa saa mbili kwenye nyuzi 37. Mchanganyiko uliosomwa mara moja tu haujakamilika.

Fakta 8 yenyewe hupimwa kwa kuzimua plazima ya mtoto na kuichanganya na plazima maalumu iliyokosa fakta 8 peke yake. Sekunde zinazopatikana hulinganishwa na mchoro wa plazima yenye kiwango kinachojulikana. Maabara makini huzimua kwa viwango vitatu. Asilimia ikizidi kupanda kadiri plazima inavyozimuliwa, kuna kizuizi kinachovuruga hesabu. Na kwa mwanao waulize waziwazi: mchoro wenu unashuka hadi asilimia 1? Usiposhuka hadi hapo, jibu la "chini ya 5" halitamtenganisha mwenye hemofilia kali na mwenye ya wastani.

Kwa nini fon Willebrand, wakati fakta 8 tayari iko chini? Kwa sababu protini hiyo ndiyo inayoibeba fakta 8 kwenye damu na kuilinda isivunjwe. Aliyeikosa kabisa, aina ya 3, naye huwa na fakta 8 ya chini sana, na goti lake linaweza kuvimba kama la mwenye hemofilia. Ugonjwa ni mwingine na dawa ni nyingine. Kwa historia ya mjomba na mtoto wa kiume naegemea hemofilia A, ila kipimo hiki kisirukwe.

Sasa binti. Mengi mabaya yametokana na ile kauli kwamba magonjwa haya ni ya wavulana. Jini ya fakta 8 iko kwenye kromosomu X. Mvulana ana X moja, ikiwa na hitilafu hana ya kumwokoa. Msichana ana mbili, lakini katika kila seli, X moja huzimwa, na bahati ikimgeukia, nyingi zinazozimwa ni zile nzima. Kama hemofilia A itathibitishwa kwa mwanao, na kaka yako alikufa kwa ugonjwa huo huo, basi wewe ni mbebaji bila hata kupima, na binti yako ana nafasi nusu kwa nusu. Hilo halikufanyi wewe kuwa chanzo cha kosa lolote. Kama ukweni wanakunyooshea kidole, waambie daktari amesema hivyo.

Hedhi ya siku tisa si ya kuachwa. Zaidi ya siku saba, kubadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, madonge makubwa, au kulowesha shuka usiku, vyote ni dalili za kupimwa. Binti apimwe wingi wa damu na feritini (akiba ya madini ya chuma), fakta 8, kiasi cha fon Willebrand na utendaji wake. Ugonjwa wa fon Willebrand huwapata wasichana sawa na wavulana. Mgonjwa wa kwanza kuelezwa na daktari Erik von Willebrand wa Finland, mwaka 1926, alikuwa mtoto wa kike. APTT yake ikija kawaida, msirudi nyumbani kwa hilo peke yake. Wenye kundi la damu O kwa asili huwa na fon Willebrand pungufu kwa takriban robo, kwa hiyo namba iliyo pembeni mwa mpaka isomwe pamoja na kundi la damu na hali ya mgonjwa. Homa, mbio, hofu na vidonge vyenye estrojeni huipandisha, ndiyo maana mara nyingi hurudiwa kabla ya kusema hana. Akiwa na fakta 8 chini ya asilimia 40 huku fon Willebrand iko sawa, yeye naye ana hemofilia, na atibiwe hivyo.

Fakta 8 ya kawaida kwa binti haitamaanisha si mbebaji. Hilo huamuliwa kwa kipimo cha vinasaba, ambacho huanzia kwa kaka yake: kwenye hemofilia A kali, karibu nusu ya wagonjwa wana hitilafu ya aina moja, kipande cha jini kilichogeuka. Kipimo hiki ni ghali na si rahisi kukipata. Msikope kwa ajili yake sasa. Matibabu ya mtoto hayakihitaji, na binti anaweza kungoja mpaka awe na umri wa kukiamua mwenyewe. Wewe ukishika mimba tena, mwambie mkunga mapema, mtoto asivutwe kwa kifaa cha kunyonya kichwa, na upimwe fakta 8 kabla ya kujifungua. Hupanda wakati wa mimba na kushuka baada ya uzazi, kwa hiyo damu inaweza kukutoka siku kadhaa baadaye, ukiwa umeshatoka hospitali.

Jibu jipya likithibitisha hemofilia kali au ya wastani, mwombe daktari mzungumzie kinga ya kudumu, iwe fakta 8 ya sindano au emisizumabu, dawa inayofanya kazi badala ya fakta 8. Katika nchi zetu sehemu kubwa ya dawa hizi huja kama msaada kupitia Shirikisho la Hemofilia Duniani, na kwa kawaida hutolewa kwa aliyesajiliwa kwenye kliniki. Usajili usicheleweshwe. Goti linalovuja damu mara kwa mara huharibika gegedu lake, na gegedu halirudi. Akianza fakta, apimwe vizuizi mara kwa mara, hasa katika dozi 20 hadi 50 za mwanzo, kwani hadi watatu kati ya kumi wenye hemofilia A kali hutengeneza kingamwili dhidi ya dawa. Akianza emisizumabu, kila anayempima aambiwe: dawa hiyo hufanya APTT ionekane nzuri na fakta 8 isome juu kwa uongo.

Kwa sasa mchukulie kama mwenye hemofilia kali hadi ithibitike vinginevyo. Asipewe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki. Parasetamoli ni salama. Asichomwe sindano za msuli. Chanjo zake apewe kwa sindano nyembamba, chini ya ngozi pale inaporuhusiwa, na mahali hapo pabanwe dakika 10. Jino lisiguswe bila kliniki kujua. Akigonga kichwa, hata akionekana anacheza, mpeleke hospitali muda huo huo, msingoje atapike au asinzie. Fanya hivyo pia kwa uvimbe wa shingo, maumivu ya tumbo, kinyesi cheusi, mkojo wenye damu, au paja linalouma hadi hawezi kulinyoosha. Beba karatasi ile ya APTT 94 na mwambie daktari wa zamu maneno haya: "Anashukiwa hemofilia A, fakta 8 ya asilimia 11 ilichukuliwa saa 12 baada ya plazima, tafadhali toeni damu ya kipimo kwanza, kisha mpeni fakta kabla ya kumpeleka kwenye picha ya kichwa."